Jeraniamu Chini ya Majani Makavu

Huko Uingereza, mwezi Machi, bustani nyingi za nyumbani bado zinaonekana zimekufa. Lakini ukisogeza majani makavu ya mwaka jana, utakuta machipukizi madogo ya kijani, yamekunjamana, yakijisukuma kutoka udongoni. Hiyo ni jeraniamu ya kudumu. Baridi huua majani, uhai hubaki mizizini. Ile ya vyungu vya barazani ni ndugu yake, pelagonia, wa asili ya Kusini mwa Afrika. Baridi kali humwangamiza.

Mimi naupenda sana ukakamavu huu wa jeraniamu ya kudumu. Ikimaliza kuchanua mwezi Juni, hukatwa hadi karibu na ardhi, na baada ya wiki chache tu huvaa majani mapya! Aina iitwayo Rozanne, yenye maua ya buluu, ilijiotea yenyewe katika bustani ya Donald na Rozanne Waterer, huko Somerset. Mwaka 2013, maonyesho ya maua ya Chelsea yalipotimiza miaka 100, ndiyo iliyochaguliwa kuwa mmea wa karne hiyo.

Nasi tunazo. Jeraniamu za porini huota milimani kwetu, Kilimanjaro ikiwemo. Ukipanda huko, tazama kando ya njia.