Hasira ya Mgonjwa: Je, ni Dhambi?

Wapendwa wakatekumeni, mmefundishwa ya kuwa dhambi ya mauti hutaka mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, akili ilijue vema, na nia ilikubali kabisa. Leo tulipime fundisho hilo kwa jambo litokealo katika nyumba za wagonjwa wa kisukari.

Tuseme yuko baba mmoja, mkulima wa mpunga kati ya Kasongo na Kabambare. Alfajiri anameza dawa ya kisukari, kisha anashika jembe na kwenda shambani bila kula. Jua likipanda, jasho baridi linamtoka, mikono inatetemeka. Mkewe akimwuliza neno dogo, anamtukana vibaya mbele ya watoto. Jioni, akiisha kula, anaona haya. Majirani wanasema, “Amerogwa.” Naye anajiuliza, “Je, nimetenda dhambi? Niitupe dawa hii?”

Kwanza tujue asili ya jambo. Mwaka 1921, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, wataalamu walipata insulini, na Januari 1922 kijana mgonjwa alidungwa kwa mara ya kwanza. Tangu hapo watu wengi wameokoka. Lakini insulini, na vidonge kama glibenklamidi, huteremsha sukari ya damu. Chakula kikikosekana, huteremka kupita kiasi. Nao ubongo hulishwa hasa na sukari hiyo. Ukiikosa, mtu huchanganyikiwa na kukasirika, kama taa inavyoyumba mafuta yakipungua. Huo si uchawi, wala si pepo.

Basi, je, ni dhambi? Akili ikitiwa giza na nia ikikosa uhuru, hatia hupungua, pengine huondoka kabisa. Ndivyo ifundishavyo pia Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1735.

Walakini dawa isiwe kisingizio. Asubuhi baba yule alikuwa na akili timamu. Ikiwa alionywa ale, na chakula kilikuwapo, naye akadharau, uzembe huo ni wake. Tena hasira aileayo moyoni siku zote, akiwa ameshiba na mzima, si ya dawa. Na hata pasipo hatia, neno kali limemwumiza mkewe. Upendo wamtaka amwombe radhi.

Je, kama chakula hakikuwapo? Hapo wajibu wahamia kwa jirani mwenye muhogo ghalani. Asimwache mgonjwa ameze dawa kwa tumbo tupu, kisha amhukumu kwa ukali wake.

Nanyi jamaa, mkiona jasho, kutetemeka na ukali wa ghafula, msibishane naye. Mpeni upesi maji yenye sukari nyingi, au asali, kisha chakula. Mpelekeni hospitali hata akipata nafuu, kwa maana nguvu ya vidonge hivyo hudumu saa nyingi. Akizimia, msimtie kitu kinywani. Mlazeni ubavu, mkambebe upesi. Wala asiiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali amweleze mganga yote yaliyompata.

Maswali ya kutafakari:
1. Kwa nini hatia ya tendo hutegemea akili na nia?
2. Ni lipi lililokuwa katika uwezo wa baba yule, na lipi halikuwamo?
3. Nyumbani mwetu, mgonjwa akikasirika, twamhukumu kwanza au twamlisha kwanza?