Alama za Mwilini na Hukumu ya Watu

Hapana taifa duniani lililoridhika kuuacha mwili wa mwanadamu kama ulivyozaliwa. Mtu hunyoa nywele au huzisuka, hutoga masikio, huchanja ngozi, hutia hina, hupaka wanja, huchonga meno. Mnyama huishi na ngozi yake mpaka kufa bila ya kuitilia neno, lakini mwanadamu huitazama yake akatamani kuandika kitu juu yake. Kwa hiyo swali la kama yafaa kuugeuza mwili limekwisha kujibiwa na watu wote kwa matendo. Lililobaki, nalo ndilo zito, ni hili: alama iliyo katika mwili wa mtu yatupa haki gani ya kumhukumu?

Tuanze nyumbani. Katika Kenya ya wazee wetu, Wamaasai, Wakikuyu na Wakalenjin walitoga masikio wakazipanua ndewe zao hata zikaning'inia. Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya taya la chini, na kijana aliyestahimili maumivu hayo alihesabiwa mtu mzima. Katika pwani wanawake walitoga masikio, wakatia vipini puani, na bibi arusi hakutolewa pasipo hina mikononi na miguuni. Kila jamii iliuona urembo wake kuwa ada njema, na urembo wa jirani kuwa kioja.

Kisha zikaja shule na kazi za mshahara, mizani ikageuka. Ndewe zilizokuwa heshima ziliitwa ushenzi, na vijana kadha wa kadha wakaenda kushonwa masikio ili wasichekwe mbele ya waajiri. Fikiri, msomaji, sindano ile ilibadili nini. Kijana aliyekuwa mwaminifu kabla ya kushonwa alibaki mwaminifu, na aliyekuwa mwizi alibaki mwizi. Kilichoridhishwa ni jicho la mtazamaji tu.

Tena wenye kuhukumu hawakuwa wameepukana na jambo lile lile. Mwaka 1881 mjukuu mmoja wa Malkia Victoria, aliyekuwa baharia kijana, alifika Japani akachorwa joka mkononi kwa sindano na wino. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano, na katika enzi yake, mwaka 1920, nchi hii ilifanywa koloni ikapewa jina la Kenya. Joka lile halikumzuia kuvikwa taji. Basi mfalme alikuwa na chale zake, na raia wake alikuwa na ndewe zake, lakini ni mmoja tu aliyeambiwa kuwa mwili wake wamwaibisha. Tofauti haikuwa katika ngozi. Ilikuwa katika nguvu.

Lugha yetu yenyewe ina funzo juu ya jambo hili. Nembo, katika Kiswahili cha zamani, ni chale zichanjwazo usoni au mwilini kuonyesha kabila la mtu. Leo twalitumia neno hilo hilo kwa alama ya serikali, ya chama au ya kampuni. Wamakonde waliotoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kwale walikuja na nembo zao usoni. Wao na watoto wao waliishi Kenya kwa miaka mingi bila ya kitambulisho, hata mwaka 2016 walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi kuomba uraia. Mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Kwa muda wote huo nembo ya serikali ilikuwa haijawatambua, lakini nembo za nyuso za wazee zilisema wao ni nani. Aliyezicheka alicheka hati ya pekee ya ukoo ambayo mzee yule alikuwa nayo.

Lakini msomaji mwenye akili atauliza: ikiwa hatuwezi kumhukumu mtu kwa alama zake, je, kila litendwalo katika mwili ni halali? La. Ukeketaji wa wasichana nao uliitwa mila, ukatetewa kwa maneno yale yale yanayotetea hina na ndewe. Walakini hina hufutika, na mwenye ndewe huishi na afya yake. Ukeketaji hukata kiungo cha mwili, humwaga damu, huleta taabu wakati wa kuzaa, na wengine umewaua. Kenya iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na sheria hiyo haipokei udhuru wa kusema kuwa aliyekeketwa aliridhia. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliombwa itamke kuwa mwanamke mtu mzima ana haki ya kujichagulia jambo hilo; majaji wakakataa.

Hapa pana ugumu usiofaa kufichwa. Mwaka 1956, katika utawala wa kikoloni, baraza la wazee wa Meru liitwalo Njuri Ncheke lilikataza ukeketaji. Wasichana wengi wakatwaa nyembe wakakatana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, maana yake, nitajitahiri mwenyewe. Je, huo ulikuwa uhuru? Mkono ulioshika wembe ulikuwa wao, na hasira yao juu ya amri za watawala ilikuwa yao. Lakini nyuma ya mkono ule palikuwa na hofu. Msichana asiyetahiriwa alihesabiwa mtoto, akadharauliwa na wenzake, na kuolewa kwake kukawa mashakani. Mtu anayechagua huku jamii nzima imemkodolea macho ya dharau amechagua nusu. Nusu ya pili amechaguliwa.

Ukiyaweka mambo haya pamoja utaona kuwa yana shina moja. Jicho lililompeleka kijana kushonwa ndewe ndilo lililompeleka msichana kwenye wembe. Hukumu ya watu haikatazi alama tu. Mara nyingi yenyewe ndiyo inayozichanja. Kwa hiyo mtu anayependa kucheka miili ya wenziwe asidhani kuwa anasema maneno matupu. Kicheko chake ni kisu, na kitamkata mtu asiyemjua.

Haya si mambo ya kale. Leo kijana wa Nairobi au Mombasa huchorwa tatuu mkononi au shingoni. Mzee humwita mhuni, na mwajiri humkataa kabla ya kumwuliza ajualo. Wenye dini wana hoja zao: Waislamu wengi huziona chale za wino kuwa haramu na hina kuwa halali, na Wakristo wengine hukumbuka agizo la Walawi 19:28. Mtu anayejizuia kwa imani yake amefanya vema. Lakini imani yake ni sheria ya ngozi yake mwenyewe, haikumpa ruhusa ya kumdharau jirani.

Nawe kijana unayesema kuwa mwili ni wako, umesema kweli, na kwa kuwa ni wako, utunze. Sindano chafu huleta homa ya ini na ukimwi. Wino ukiisha kuzama katika ngozi, kuuondoa ni gharama na maumivu, na pengine hubakiza kovu. Mtu wa miaka 16 anayejichora anamchora pia mzee wa miaka 60 ambaye hajapata kuonana naye, wala hajui mzee huyo atapenda nini. Majuto ni mjukuu. Kabla ya kunyosha mkono, jiulize swali moja: kama pasingekuwa na jicho la kuniona, ningeitaka alama hii? Aliyejichora kwa kuogopa kuachwa nyuma na rafiki zake hana tofauti kubwa na aliyeshonwa masikio kwa kumwogopa bwana wa kazi. Wote wawili wametii.

Ama wewe unayetazama, ukutanapo na mtu mwenye alama usiyoizoea, muulize jina lake, kazi yake na ahadi zake, kisha mngoje mpaka uone kama huzitimiza. Ikiwa alama ile ilimdhuru, au alitiwa kwa nguvu, lawama imwendee aliyeitia. Ikiwa aliitaka mwenyewe na haikumdhuru mtu, basi ni habari yake, naye atakueleza akipenda.