Kilichofichwa Katika Mawe ya Ghuba

Uko mchezo mmoja ulioenea duniani ambao hauhitaji mengi zaidi ya miguu, macho na simu ya mkononi. Mtu huficha kasha dogo lisiloingia maji, ndani akaweka daftari na kalamu, kisha akatangaza namba za mahali pale kwenye intaneti. Wengine huzifuata, wakalitafuta, wakatia majina yao daftarini na kulirudisha palepale. Mchezo huo, jiokashi, ulianza tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya Marekani kuacha kuziharibu makusudi ishara za satelaiti zake kwa watumiaji wa kiraia. Dave Ulmer alificha ndoo msituni Beavercreek, jimbo la Oregon, na pamoja na vitabu akatia humo hata kopo la maharage. Satelaiti zenyewe huzunguka kilomita zipatazo 20,200 juu ya vichwa vyetu, nazo humfikisha mtafutaji hatua chache tu kutoka kwenye kasha, kisha zikamwachia kazi iliyobaki. Kuanzia hapo, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tuseme basi, msomaji wangu, mimi nawe tumepewa namba zinazoangukia mkoani Simiyu. Wengi wakisikia Simiyu hukumbuka pamba, ng'ombe na tambarare za Bariadi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012, una ufuko wake. Wilaya ya Busega inagusa Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Speke. Tutoke Bariadi alfajiri ya mwezi wa Juni, pamba ikiwa imepasuka mashambani, tufuate lami kama kilomita 70 hadi Lamadi, pale ambapo Serengeti iko upande mmoja wa barabara na ziwa upande wa pili. Kisha tushuke garini, tuelekee majini.

Usitarajie genge refu lililochongwa wima kama yale ya baharini. Sehemu kubwa ya ufuko ni mchanga na mafunjo. Lakini hapa na pale, kama ilivyo kote Usukumani, ardhi inaota mawe: marundo ya matale yaliyopandana, mengine makubwa kuliko nyumba, yakishuka mpaka majini na kuendelea chini ya maji tusikoyaona. Tusimame kwanza. Tazama lile la juu kabisa, la mviringo, limekaa juu ya mwenzake kwenye eneo lisilozidi upana wa mkeka, likiwa limeinamia ziwa kama mtu anayesikiliza. Tufani zimepita, mvua za masika zimepita, nalo halijasogea. Wajuzi wa miamba wanasema matale ya nchi hii yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwamba yalipoa gizani, chini kabisa ya ardhi, kabla ya kuwako jani la kwanza juu ya nchi kavu. Maji yakapenya nyufa zake tone baada ya tone, yakalainisha pembe, yakabeba udongo ulioyazunguka, na kilichobaki ndicho hiki tunachokitazama. Bandubandu huisha gogo, wanasema wahenga. Hapa bandubandu haikumaliza kitu, ilichonga. Ni fundi gani mwingine ambaye angeanza kazi yake zama hizo, akaiacha mikononi mwa mvua, naye akajua itakavyokuwa siku wewe utakapokuja kuitazama?

Sasa tupande, polepole, tukishika kwa viganja. Jiwe limepata joto tayari. Uso wake una madoa ya rangi ya chungwa, ya kijivu na ya kijani, viumbe vidogo vinavyokua kwa ukimya juu ya kitu kisicho na udongo wala kivuli. (Neno la tahadhari kwa wanaotafuta makasha: usitie mkono katika ufa usiouona ndani. Nyoka naye hupenda mahali pazuri pa kujificha.) Michirizi myeupe ukutani inatuambia kwamba pimbi wanaishi humu, na wao wametuona kabla hatujawaona. Na yule pale juu, aliyejianika kileleni, kichwa na mabega mekundu ya waridi, mwili wa buluu iliyokolea? Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, kwa heshima ya Mwanza, jina alilopewa mwaka 1923. Vijana wanamwita Spider-Man. Dume huyo anainuka na kushuka kwa mikono yake kana kwamba yuko mazoezini, huku jike, wa rangi ya kahawia, amelala kando yake tusimtofautishe na jiwe. Mmoja ameumbwa aonekane, mwingine ameumbwa asionekane, na wote wawili wanakaa juu ya mwamba mmoja.

Kasha letu tutalipata, bila shaka, chini ya bamba la jiwe upande wa kivuli: daftari, kalamu iliyokauka, kifungo cha shati. Tutie majina yetu na kulirudisha. Mimi sina mengi ya kusema juu ya kifungo, maana hazina ya mahali hapa iko mita chache chini yetu, majini.

Katika mawe ya namna hii, kusini mwa ziwa, wanaishi furu ambao wavuvi huwaita mbipi. Ni samaki wadogo wa kuenea kiganjani, wa aina nyingi mno, na kila aina ina kina chake, chakula chake na rangi yake. Mmoja wao, dume mwenye mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni, alipewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Nyerere, na leo anaitwa Pundamilia nyererei. Jamaa yake wa karibu ni wa kibuluu, naye hupenda maji ya juu zaidi. Jike akishataga huyakusanya mayai yake yote kinywani. Humo yanaanguliwa, humo vifaranga wanakua, kwa wiki kadhaa, na mama muda huo hula kidogo sana au asile kabisa. Fikiri jinsi maficho yalivyopangwa: ziwa la kilomita za mraba 68,800 linauficha mwamba, mwamba unauficha ufa, ufa unamficha mama, na mama anawaficha watoto. Kasha la nani limewahi kufichwa kwa uangalifu wa namna hiyo?

Na maficho hayo hayakuwa ya urembo tu. Sangara alipoletwa ziwani katika miaka ya 1950, kisha akaongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, furu wa maji ya wazi waliangamia kwa makundi. Wa mawe walisalimika zaidi, kwa sababu sangara mkubwa hawezi kuingia walimoingia. Adui wao wa leo ni wa aina nyingine, hana meno. Jike humchagua dume kwa rangi, na rangi huhitaji mwanga. Maji yakichafuka kwa tope, mwekundu na wa buluu hawatofautiki tena, na aina mbili huanza kuchanganyika zikawa moja. Tope hilo huletwa na mito. Mto Simiyu ni mmojawapo, nao huingia katika ghuba hii ukiwa na udongo wa mashamba na malisho tuliyoyapita asubuhi. Hata hivyo ziko sehemu ambako maji bado ni maangavu, na humo jike angali anamwona mwekundu wake na kumfuata. Kwa hilo namshukuru Muumba, na mkulima wa huko juu aliyeacha nyasi na miti ukingoni mwa mto nampa mkono.