Tone la Damu na Saumu
Kupima sukari kwa kutoboa kidole hakubatilishi saumu, kwa rai ya wanazuoni wengi, kwa kuwa hakuna chakula kinachoingia mwilini. Swali zito ni namba yenyewe inayosomeka, hasa saumu ikiwa ndefu. Jijini London, Ramadhani ikiangukia Juni, saumu hufikia takriban saa 18. Mwenye kisukari cha aina ya pili akikuta sukari iko chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au zaidi ya 16.6, miongozo ya kitabibu humtaka afungue mara moja. Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, humruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidia kwa kulisha maskini. Mwili ni amana; kuulinda ni ibada.