Askari wa Risasi: Je, Yafaa Kuvifanya Vita Mchezo?

Katika kazi za mikono ya mwanadamu yako mambo ambayo umbo lake ni dogo na ilhali swali lililomo ndani yake ni kubwa. Mojawapo ni kazi ya kutengeneza majeshi madogo ya zama za Napoleon Bonaparte: kuwapaka rangi askari wasiozidi urefu wa kidole, kuwasimamisha juu ya vitako, na kisha kuwapiganisha juu ya meza. Kazi hii ina watu wengi katika Uingereza, Ufaransa, Marekani na nchi nyingine za Magharibi. Wala hao si watoto, bali ni watu wazima wenye shughuli zao na watoto wao. Basi mwenye akili huuliza: Je, yafaa mauti ya watu wa kweli yafanywe burudani ya jioni? Na ikiwa yuko wa kulaumiwa, hulaumiwa kwa lipi?

Si uadilifu kulihukumu jambo kabla ya kulijua, kwa hiyo yapasa kwanza ijulikane kazi yenyewe ilivyo. Sanamu hizo zina vipimo vyake. Nyingi ni za milimita 28, nyingine za milimita 15, na ziko za milimita 6, ndogo kama punje ya mchele. Zamani zilikuwa za risasi; siku hizi huwa za bati lililochanganywa na madini mengine, au za plastiki. Mwenye kuzipata huanza kwa kuikwangua mistari iliyoachwa na kalibu, kwa kisu na tupa. Kisha huziosha kwa maji na sabuni, ili zishike rangi. Kisha huzipaka rangi moja ya msingi, nyeusi au nyeupe. Hapo ndipo huja brashi nyembamba: koti la buluu la Mfaransa, jekundu la Mwingereza, la kijani kilichokoza la Mrusi, na jeupe la Mwaustria. Kila kikosi kina rangi ya ukosi wake na vikofi vyake, na mwenye kukosea hapo huambiwa na wenzake. Baadaye humiminwa rangi nyepesi ya kahawia, itulie katika mikunjo ya nguo iwe kivuli. Na juu ya palipoinuka hupitishwa brashi iliyo karibu kukauka, iwe mwanga. Mwisho hupakwa vanishi.

Kisha huja kitako. Askari hugandishwa wanne au sita pamoja juu ya kibao chembamba, kibao kikapakwa gundi, kikamwagiwa mchanga, mchanga ukapakwa rangi ya udongo, na juu yake yakatiwa majani ya bandia. Kitako hiki si pambo tu, bali ndicho hesabu ya mchezo. Kwani sanamu moja huhesabiwa kuwa ni watu 20, au 33, kwa kadiri ya kanuni walizopatana wachezaji. Kikosi cha watu 600 kikawa ni sanamu 30. Na sanamu moja, kwa mtendaji makini, yaweza kumla saa nzima au zaidi.

Hapa Mwislamu atataja mambo mawili, naye ana haki ya kuyataja. La kwanza ni sanamu zenyewe. Wanavyuoni wengi wamekataza kuunda umbo kamili la kiumbe chenye roho, wakavua katika katazo hilo vinyago wanavyochezea watoto. Na wako katika wanavyuoni wa zama za karibuni waliolegeza zaidi. La pili ni dado, kwani katika michezo hii dado ndilo hukata nani amekufa na nani amesimama. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii mchezo wa dado una hukumu nzito kuliko sataranji, ambayo msingi wake ni fikira. Mwenye kutaka kuishika kazi hii na ayaulize hayo kwa mwanachuoni wake. Lakini hata yakiondolewa yote mawili, swali la kwanza hubakia pale pale, na ushahidi wake ni huu ufuatao.

Mwaka 1824, katika nchi ya Prusia, afisa kijana jina lake Georg Heinrich von Reisswitz aliwaonyesha wakuu wa jeshi mchezo wa vita ambao baba yake aliuanzisha kabla yake. Ndani yake hamkuwa na sanamu hata moja. Palikuwa na ramani, na vipande vidogo vyekundu na vya buluu visivyo na uso wala mkono, na mwamuzi wa kuamua. Wakuu wakaupenda, wakauagiza utumike kuwafundisha maafisa. Na yapata nusu karne baadaye, mwaka 1876, afisa mwingine wa Prusia, Julius von Verdy du Vernois, akatoa namna ya kuucheza ambayo hata dado haikulihitaji, bali mwamuzi hukata kwa maarifa yake. Basi sanamu hakuna, na dado hakuna. Na je, swali limeondoka? La, limezidi. Kwani kipande cha rangi kisicho na uso hakimkumbushi mtu yeyote kwamba anayeondolewa juu ya ramani ana mama. Kufutika kwa uso kumeondoa shaka moja, na kumeleta khatari nyingine.

Hoja ya wenye kulaumu ni hii. Tarehe 18 Juni 1815, huko Waterloo katika nchi ya Ubelgiji, juu ya uwanja ambao mtu mzima aweza kuutembea upana wake kwa saa moja, walianguka watu zaidi ya 40,000, waliokufa na waliojeruhiwa, kwa siku moja. Sasa mtu aketi mezani, atupe dado, atwae kitako chenye sanamu nne akiweke pembeni. Watu 80 wameondoka, na mkono ule ule ukanyoosha kuchukua kikombe cha chai. Wasema: moyo huzoea kile ambacho mkono hukirudia. Na zaidi ya hayo, mchezaji hutazama kutoka juu. Haoni moshi, wala hasikii kilio, wala miguu yake haizami katika tope la mvua iliyonyesha usiku wa kuamkia siku ile. Ana jicho la jemadari, bali ana jicho kubwa kuliko la jemadari, kwani Napoleon mwenyewe hakuuona uwanja wake wote namna hiyo. Na mwenye kuwatazama watu kutoka juu kwa muda mrefu, ni wepesi kwake kuwaona kuwa ni hesabu.

Nao wenye kutetea wana hoja isiyodharaulika. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu juu ya kupiganisha askari wa kuchezea, na mwishoni mwake akasema maana yake kwamba mwenye kucheza vita vidogo atajua upesi jinsi vita vikubwa vilivyo upumbavu na hasara. Mwaka uliofuata, 1914, Ulaya ikaingia katika vita ambavyo haikuwa imeviona mfano wake. Mchezo haukuvileta vita hivyo, wala haukuvizuia. Basi wenye kusema kuwa mchezo huleta vita, na wenye kusema kuwa huleta amani, wote wameubebesha mzigo usio wake.

Lakini iko hoja nyingine yenye nguvu zaidi, nayo ni ya brashi, si ya dado. Wafalme wa zama zile waliwahesabu askari kwa maelfu. Mwenye kupaka rangi huwahesabu kwa vifungo. Yeye hujua kwamba koti la askari mdogo wa Kiingereza lilitiwa rangi ya mizizi, ambayo kwa jua na mvua hugeuka ikafanana na tofali, na koti la afisa wake lilitiwa rangi ya thamani itokayo kwa mdudu, ambayo hudumu wekundu wake. Basi hata katika nguo umasikini na utajiri uliandikwa. Mtu aliyekaa saa nzima na askari mmoja asiye na jina, akimtafutia rangi ya mkoba wake na kiraka cha suruali yake, amempa mazingatio ambayo huenda mfalme wake hakumpa maisha yake yote. Je, hilo ni dharau? Laonekana kuwa karibu zaidi na heshima.

Basi kila upande una haki yake, na mwenye kupima hawezi kuutupa mmoja. Huenda kipimo hakipo katika kucheza wala katika kupaka rangi, bali kipo katika ukweli. Kisa cha William Siborne kinalionyesha hilo. Mwaka 1830 afisa huyu Mwingereza aliagizwa kutengeneza mfano wa uwanja wa Waterloo. Akaenda akakaa huko miezi minane akiipima ardhi, akawaandikia maafisa waliosalia kuwauliza kila mmoja alisimama wapi jioni ile, akapata majibu kwa mamia. Serikali ikamkatia fedha katikati ya kazi, naye akaendelea kwa madeni. Mwaka 1838 mfano ukaonyeshwa London, wenye makumi ya maelfu ya sanamu ndogo. Nao uko London hata leo, katika jumba la makumbusho ya jeshi. Lakini Duke wa Wellington na watu wake hawakupendezwa, kwa kuwa mfano uliwaonyesha Waprusi wakiwa wengi mno uwanjani, na utukufu wa ushindi ukaonekana una washirika. Mwishowe sanamu nyingi za Waprusi zikaondolewa. Hapo ndipo lilipo kosa la kweli. Watu waliokuja, wakapigana, wakafa, walikufa mara ya pili, na safari hii hawakuuawa kwa bunduki, bali waliuawa kwa kutotajwa.

Na kutotajwa huku hakukuwapata Waprusi peke yao. Katika sanamu zinazopendwa sana na wapaka rangi ni Mamluki wa Napoleon: kilemba, suruali pana nyekundu, jambia kiunoni, farasi mwenye mapambo. Ni sanamu nzuri machoni. Lakini hao walitoka wapi? Walitoka katika safari ya Misri ya mwaka 1798, ambayo ndani yake Wafaransa waliipiga mizinga Al-Azhar, na farasi wao wakaingia msikitini, kama alivyoeleza Al-Jabarti aliyekuwapo Cairo siku zile. Mwaka 1799, huko Jaffa, Napoleon aliamuru kuuawa wafungwa waliokwisha kusalimu amri, nao wakauawa kwa maelfu. Mwaka huo huo aliandika barua kwa mtawala wa Maskati, Sayyid Sultan bin Ahmad, baba yake Sayyid Said wa Unguja, ikakamatwa njiani na Waingereza. Basi upepo wa vita vile ulikaribia hata bahari hii. Na mwezi wa Juni 1815 watu wa Misri na Sham waliokuwa wamehamia Marseille pamoja na Mamluki hao, wengine waliuawa mitaani na makundi yenye hasira. Mamluki wa farasi huuzwa na kupakwa rangi. Mfungwa wa Jaffa na mkimbizi wa Marseille hawana mahali pao juu ya meza.

Kwa hiyo hukumu ya mwenye insafu huenda ikawa hivi. Kumtengeneza askari mdogo kwa uangalifu si kuyadharau mauti. Kumcheza ili kujua mambo yalivyokwenda na kwa nini yalikwenda hivyo, ni namna ya kusoma. Dharau huingia kwa milango mitatu: mtu anapopenda fahari ya nguo akasahau aliyeivaa, anapoondoa juu ya meza kile kisichompendeza, kama walivyoondolewa Waprusi, na anaposimama mahali pa jemadari mpaka akasahau kwamba, lau angezaliwa siku zile, uwezekano mkubwa ni kwamba angekuwa mmoja katika wale 20 waliokusanywa ndani ya sanamu moja.

Wako wachezaji wanaopaka rangi pia sanamu za majeruhi na maiti, wakaziweka karibu na kikosi iwe alama ya kuonyesha kuwa kimepungukiwa. Wengi huzitumia kwa hesabu tu. Lakini mwenye moyo hai hupata humo zaidi ya hesabu. Lugha yenyewe imekwisha kumpa onyo, kwani Kiswahili hakikutenga majina mawili: madini yaliyomuua askari yule huitwa risasi, na madini yaliyofanywa sanamu yake huitwa risasi. Anayemshika mkononi amewashika wote wawili, muuaji na aliyeuawa, na uzito wao ni mmoja. Akiukumbuka uzito huo, mkono wake hautakosa adabu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.