Nani Amngojee Mwenzake Mlimani?

Swali la leo ni dogo ukilitazama kwa mbali, lakini linaweza kuwafanya watu wazima wawili wakae chini ya mti mmoja bila kusemezana. Bwana na bibi wanasafiri safari ndefu kwa baiskeli, kila mmoja na yake, na mmoja ana nguvu kuliko mwingine. Je, mwenye nguvu ana wajibu wa kwenda kwa mwendo wa mwenzake? Au kila mtu aende anavyoweza, mradi wakutane jioni?

Najua wako watakaosema haya ni mambo ya wageni. Kwetu baiskeli ni ya kupeleka maziwa, kubebea gunia la mahindi, na kumpeleka mama kliniki akiwa amekaa kwenye keria. Lakini tazama vizuri. Mwenye Black Mamba akifika mlimani, mama hushuka, baba naye hushuka, wakatembea wote wawili huku baba akiisukuma. Baiskeli moja ina mwendo mmoja, na hakuna anayeweza kumwacha mwenzake. Mtihani huanza pale baiskeli zinapokuwa mbili, kwani hapo kila mmoja amepewa uwezo wa kwenda zake.

Wala watu hawakuanza jana kusafiri hivyo. Mwaka 1884 Joseph Pennell, mchoraji Mmarekani, na mkewe Elizabeth ambaye alikuwa mwandishi, walitoka Florence hadi Rome huko Italia kwa baiskeli ya magurudumu matatu waliyoikanyaga wawili pamoja. Wafaransa Claude na Françoise Hervé waliondoka kwao 1980 wakarudi 1994, na njiani wakajaliwa mtoto wa kike aliyesafiri pamoja nao. Miaka 14 barabarani! Kuna ndoa zisizomaliza miaka 14 ndani ya nyumba ya mawe. Hapa Kenya nako, tangu 2003 waendeshaji wanaotoka Cairo kwenda Cape Town wamekuwa wakipita kwa makundi, na wengine huja wawili wawili peke yao, hasa baada ya lami ya Moyale hadi Isiolo kukamilika katika miaka ya 2010.

Basi tuchukue siku moja tu ya safari hiyo, ile ya kutoka Isiolo kwenda Nanyuki. Ni yapata kilomita 80. Isiolo iko kwenye joto, kama mita 1,100 juu ya bahari, na kabla hamjafika Timau mtakuwa mmepanda zaidi ya mita 1,000 nyingine. Barabara haina huruma. Inapanda, inapinda kidogo, inapanda tena. Baadaye mnaona mashamba ya ngano, hewa inakuwa baridi, na Mlima Kenya uko mkono wa kushoto kama mawingu yameuachia nafasi. Ni siku nzuri sana kwa mtu mwenye miguu.

Kufikia saa mbili asubuhi bwana amekwisha tangulia. (Nasema bwana kwa kuwa mara nyingi ndivyo ilivyo. Pale ambapo bibi ndiye mwenye miguu ya chuma, geuza maneno, mambo ni yale yale.) Hakumwacha kwa ubaya. Mwili una mwendo wake, na ukipanda mlima polepole mno usukani unayumba. Anafika penye kivuli, anashuka, anakunywa maji, anamenya ndizi. Baada ya dakika 20 bibi anatokea, jasho linamtiririka. Bwana anaruka juu ya kiti: "Haya mama, twende."

Hebu ona kilichotokea hapo. Mwenye nguvu amepumzika dakika 20 na aliyechoka hakupumzika hata moja. Yakitokea hayo mara tano kabla ya adhuhuri, bwana atakuwa amepumzika saa moja na dakika 40, na juu ya hayo atajiona mvumilivu kwa kuwa "amengoja" mara tano. Mimi nakataa kuita huko kungoja. Mapumziko ya wawili yaanze kuhesabiwa mwenzako anapoegemeza baiskeli yake, hata kama wewe umekwisha kaa hapo mpaka kivuli kimehama.

Jambo la pili ni mzigo, na hapa ndipo watu wema hukosea kwa kutafuta haki. Wanasema: sisi ni sawa, tugawane sawa. Tuseme bwana ana kilo 80 na bibi kilo 55. Kila baiskeli ni kilo 15, na wana mizigo ya kilo 40: hema, sufuria, maji, nguo. Wanagawana kilo 20 kwa 20. Sasa kila kilo ya mwili wa bwana inapandisha karibu kilo moja na nne ya vyote, na kila kilo ya mwili wa bibi inapandisha zaidi ya kilo moja na sita. Kwa hesabu ya shule tu, ili wapandishe kwa kiasi kimoja, bwana angebeba kilo 26 na nusu na bibi 13 na nusu. Mizani itasema bwana ameonewa, lakini mapafu yatasema wamelingana.

Kwa hiyo tujiulize, usawa wa watu wa ndoa ni kubeba sawa au ni kuchoka sawa? Mimi nasimama na kuchoka sawa, na sidhani ni kwa baiskeli tu. Angalieni ni nani anayeamka wa kwanza nyumbani na ni nani analala wa mwisho, halafu mniambie kama kazi "zimegawanywa nusu kwa nusu". Lakini kuna shida moja. Mizani ya kupimia kilo iko sokoni, na ya kupimia uchovu haiko popote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wewe huwezi kuingia ndani ya mapaja ya mkeo ujue yanaungua namna gani. Unachoweza ni kumwuliza tu. Na umwulize kabla ya kuufungua mfuko wake na kuhamisha hema, kwani mke anayenyang'anywa mzigo bila kuulizwa ameambiwa mbele ya barabara nzima kwamba hawezi.

Tena kuna kusaidia kusikosaidia. Katika tambarare yenye upepo, anayetangulia huukata upepo. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, anayefuata karibu na gurudumu la nyuma anaweza kuokoa robo ya nguvu zake, hata zaidi. Hapo bwana akitangulia anafanya kazi ya upendo, maadamu asiende kasi hata mwenzake akatoka nyuma yake. Lakini mlimani, mnapokwenda kilomita saba kwa saa, upepo unaoukata ni kidogo sana. Ukiwa mbele ya bibi yako pale humpunguzii kitu, anachopata ni kuuona mgongo wako unavyozidi kuwa mdogo. Mahali pako pale ni nyuma yake, hasa malori yanapopita, mwende wote kwa mwendo wake. Kama gia zako hazikuruhusu kwenda polepole hivyo, tangulia hadi mahali mlipokubaliana asubuhi, pawe karibu, usipite hapo.

Nisije nikaonekana nimewaelemea waume peke yao. Mwendo ukishakuwa wa aliye mnyonge, basi mnyonge naye ana deni, nalo ni kusema kweli. Kuna neno "niko sawa" ambalo limeharibu siku nyingi. Mtu anaulizwa saa nne, niko sawa. Anaulizwa saa sita, niko sawa. Saa nane anakaa chini kando ya barabara, analia, na kumwambia mwenzake kwamba hajali. Huyo mwenzake angejali kitu gani, kama kila alipouliza alidanganywa? Najua husemwa kwa heshima, mtu asionekane anamzuia mwenziwe. Hata hivyo anayeficha uchovu wake anamnyima mwingine nafasi ya kuubeba. Mama, ukichoka sema umechoka, tena mapema, ungali na sauti ya kusemea bila hasira.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Ni saa tisa, mko kabla ya Timau, bibi ameishiwa kabisa, na lori lenye nafasi linapunguza mwendo. Dereva yuko tayari kuzipakia baiskeli zote mbili. Lakini mlikuwa mmesema tangu mwanzo: kila kilomita kwa miguu yetu. Bwana ameota jambo hilo miaka mingi. Akipanda lori, ndoto ina tundu ambalo halizibiki, kwa kuwa mlima ule hataupanda tena. Nani ana haki?

Wapo wanaojibu haraka kwamba mke kwanza, ndoto baadaye. Mimi siwezi kujibu haraka hivyo, kwani ndoto ya mtu si kitu cha kutupwa, na mke mwema hataki kuwa sababu ya kuitupa. Ninavyoona, itazameni ile ahadi ilikuwa ya nani kwa nani. Hakuna kati yenu aliyeiahidi barabara kitu. Mliahidiana ninyi wawili, na mlioahidiana mnaweza kufunguana. Ila wote wawili wafungue. Bibi akiinuliwa kupandishwa kwenye lori huku bwana amekunja uso, bwana hajamfungua mtu. Bibi naye akisema, "Wewe endelea kwa baiskeli, mimi nitakungoja Nanyuki," bwana asione haya kukubali, ikiwa tu amemtazama machoni akaona kwamba anasema kweli, lori linaonekana la watu waaminifu, na jua bado liko juu.

Na kama ndivyo mlivyofanya, bwana atakapoingia Nanyuki giza likikaribia, miguu ikitetemeka, aliyefika kwa lori ndiye atakayekuwa amepumzika. Chai ya jioni hiyo ni zamu yake.