Mwovu Aongokapo katika Mchezo

Evanjili ya Mtakatifu Luka, katika sura ya 19, yasimulia habari za Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru katika mji wa Yeriko. Mtu huyo alikuwa tajiri, na utajiri wake ulikuwa umetoka mifukoni mwa watu wa mji wake. Bwana Yezu alipoingia nyumbani mwake, watu walinung'unika, maana walimjua Zakayo, na kila mmoja alijua ametozwa kiasi gani. Ndipo Zakayo akasimama, akataja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa yeyote aliyemdhulumu, mara nne. Torati ya Musa ilimwamuru mwizi wa kondoo arudishe kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo alijihukumu mwenyewe kama mwizi huyo, wala hakuna aliyemdai. Neema ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani, na hesabu ikaifuata kama mtoto amfuatavyo mama yake.

Hesabu hiyo ndiyo ikosekanayo katika hadithi nyingi za siku hizi, hasa zile za michezo ya video, ambazo vijana wa Kongo huzijua, wengine kwa simu zao, wengine katika vyumba vya michezo mijini. Si mpira wa miguu tu unaochezwa humo. Iko michezo iliyo hadithi ndefu kabisa, yenye shujaa, rafiki zake, na adui wa kutisha. Mara nyingi adui huyo huchoma vijiji tangu mwanzo hata karibu na mwisho. Kisha, kwa machozi ya dakika mbili, huwa rafiki, na wale ambao nyumba zao zimeteketea hawaulizwi neno. Mchezaji huona ya kuwa amedanganywa, ingawa pengine hawezi kusema kwa nini. Labda mwalimu wa dini atasema kosa ni kumsamehe mwovu upesi mno. Hilo si kosa. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Bwana Yezu alisamehewa upesi kuliko hao wote. Kosa liko mahali pengine: katika hadithi hizo hakuna kitu kilichopotea kweli, kwa hiyo hakuna kitu cha kusamehe. Shujaa mwenyewe akifa, mchezaji hurudi pale alipouhifadhi mchezo, akaendelea kana kwamba mtu amejikwaa tu njiani.

Mchezo uitwao Fable, uliotungwa Uingereza na kutolewa mwaka 2004, waonyesha jambo hilo waziwazi. Humo shujaa atendaye maovu huota pembe kichwani. Atendaye mema huwekewa nuru juu ya kichwa, kama katika picha za watakatifu. Fikira hiyo si mbaya. Lakini katika nchi hiyo liko hekalu la Avo, na mwenye pembe aweza kwenda huko na mfuko wa dhahabu, akautoa sadaka, na wema wake ukaongezeka. Aliyeuawa hatajwi, mjane wake haonwi. Simoni mchawi wa Samaria, ambaye habari zake zimo katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume, alitaka kununua kipaji cha Mungu kwa fedha, na Mtakatifu Petro akamkemea vikali; penye hekalu la Avo Simoni angepokelewa vizuri.

Hata hivyo haifai kuwahukumu watungaji wote pamoja. Mwaka 2015 Mmarekani mmoja, Toby Fox, alitoa mchezo mdogo, wenye picha sahili kama za mashine za zamani, uitwao Undertale. Mtoto aanguka chini ya mlima, katika nchi ya viumbe vya ajabu waliofungiwa huko na wanadamu. Kila amkutaye, mchezaji aweza kumwua au kumwachilia, na mchezo wote waweza kumalizika bila kuua hata mmoja. Wa kwanza kumtunza mtoto ni Toriel, mwenye upole wa mama, ambaye ampikia na kumpa chumba cha kulala. Mtoto atakapo kwenda mbele, Toriel amzuia kwa kumhofia. Wachezaji wengi humwua, wakidhani hakuna njia nyingine. Kisha hushikwa na huzuni, wakarudi nyuma pale walipouhifadhi mchezo, wakamwachilia. Sasa wadhani jambo limefutika. Lakini mbele kidogo wakuta ua lenye uso, jina lake Flowey, nalo lawaambia ya kuwa lajua: walimwua, wakajuta, wakarudi nyuma. Mchezaji ashtuka kama Adamu alipoitwa bustanini.

Ua hilo ndilo adui mkuu wa hadithi. Zamani lilikuwa mtoto wa mfalme, Asriel. Mtoto huyo alikufa, kisha akaamka katika umbo la ua, bila roho, asiweze kumpenda hata baba yake wala mama yake. Tena alijiona ana uwezo wa kurudisha siku nyuma kila apendapo. Mwanzo aliutumia kwa wema: akawa rafiki wa wote, akawatatulia matata yao yote. Baadaye akachoka, kwa kuwa kila neno alikuwa amekwisha kulisikia, wala hakuna tendo lililobaki pale lilipowekwa. Ndipo akaanza kuua, kusudi aone itakuwaje. Wataalamu wa Kanisa wameandika mengi juu ya chanzo cha uovu, na si rahisi kupata mfano ulio wazi kuliko huu. Asriel hakuanza kwa chuki. Alianza kwa kukosa kitu kiwezacho kupotea.

Mchezaji asipoua mtu, Asriel mwishoni arudishiwa moyo wake kwa muda, kwa nguvu ya roho za wote. Analia, aomba radhi, kisha avunja kizuizi kilichowafunga watu wake. Mtoto aweza kumsamehe. Lakini Asriel ajua ya kuwa roho zile si zake. Hana budi kuzirudisha, na akizirudisha atakuwa ua tena. Msamaha aupata, umbo lake la zamani halipati. Na yule mchezaji aliyeua wote, mpaka nchi ikawa tupu? Ulimwengu wa mchezo wafutika, na akitaka urudi aombwa aitoe roho yake. Akikubali, aweza kuanza upya na kutenda mema tupu, lakini mwisho ule mzuri hauwi tena kama ulivyokuwa. Mchezo wamkumbuka.

Yafaa Mkristu alifikiri jambo hili kabla ya kupiga magoti mbele ya padri. Wapo waungamaji waitumiao Sakramenti ya Kitubio kama vile mchezaji atumiavyo mahali pale pa kurudia: watenda, waungama, warudi kutenda, na kwa fikira zao padri ameifuta siku ya jana. Padri haifuti siku ya jana. Kwa maondoleo Mungu aondoa dhambi yenyewe, hata iliyo kubwa kupita zote, wala haikumbuki tena dhidi ya mtu. Lakini Katekisimo ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha ya kuwa maondoleo hayatengenezi madhara yote yaliyoletwa na dhambi. Ndiyo maana ya malipizi. Mtu amemsingizia mwanamke mzee uchawi, na watu wa mtaa wamemfukuza nyumbani mwake. Ameungama kwa majuto ya kweli, amesamehewa. Mwanamke yule bado yuko nje, alala penye baraza la watu. Tembo za rozari peke yake hazitamfungulia mlango. Sharti mwenye kumsingizia asimame mtaani, mbele ya masikio yale yale, aseme ya kuwa alisema uwongo. Naam, ni aibu kubwa. Hata Zakayo alisema mbele ya watu waliomnung'unikia.

Mchezo mwingine, Red Dead Redemption 2, uliotolewa mwaka 2018, ni wa watu wazima. Umejaa damu, na huko Ulaya umewekewa alama ya miaka 18, basi mzazi asimpe mtoto. Habari yake ni ya mwaka 1899, ya mnyang'anyi Mmarekani aitwaye Arthur Morgan. Atumwa kudai deni kwa mkulima mgonjwa, Thomas Downes, naye ampiga mbele ya mkewe na mwanawe. Mgonjwa amkohoa damu usoni. Baadaye afa, na kifua kikuu kimekwisha kumwingia Arthur. Hapo mchezaji arudie nyuma mara mia, ugonjwa uko pale pale. Akiifuata njia ya wema, Arthur akutana na mjane wa Downes, ambaye umaskini umemfikisha kuuza mwili wake. Mjane amkataa kwa hasira. Arthur hadai asamehewe. Atoa fedha, awasaidia mama na mwana waondoke mahali pale. Siku moja, katika kituo cha gari la moshi, amweleza sista mmoja ya kuwa anaogopa. Mtu aliyeua wengi bila kutetemeka sasa aogopa, na kwa hofu hiyo msikilizaji amsadiki.

Kongo ina habari yake yenyewe, nayo si mchezo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, mjini Isiro, wakati wa vita vya Wasimba, Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta wa Shirika la Jamaa Takatifu aliuawa na Kanali Pierre Openge Olombe, kwa kuwa alikataa kuivunja nadhiri yake. Kabla ya kufa alimwambia mwuaji wake ya kuwa amemsamehe. Tarehe 15 Agosti 1985, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri mjini Kinshasa, na katika mahubiri yake akamsamehe mwuaji kwa jina la Kanisa lote. Hakusema ya kuwa tendo lile lilikuwa dogo, wala ya kuwa miaka 20 na zaidi iliyopita ilikuwa imelipunguza. Alilitaja, kisha akasamehe, mbele ya umati mkubwa wa Wakristu. Na mwili wa Sista Anuarite ulikuwa Isiro, katika mji ule ule alimouawa.